Usimamizi wa Mfumo-ikolojia: Istilahi na Kazi Yake Msituni

Usimamizi wa mfumo-ikolojia ni utaratibu wa kuutumia na kuutunza msitu kwa kutazama kwanza jinsi vilivyomo vinavyotegemeana: miti, udongo, maji, wanyama, wadudu, kuvu na watu. Bwana misitu wa zamani alifunzwa kuanza na hesabu ya mbao. Anayefuata utaratibu huu pia huzihesabu mbao, ila haanzii hapo.

Dhana ya mfumo-ikolojia ilipewa jina mwaka 1935 na Mwingereza Arthur Tansley, aliyetaka kuvitaja viumbe na mazingira yao kwa pamoja. Mwaka 1992, baada ya mvutano mkali kuhusu misitu mikongwe ya Oregon na Washington na bundi wa madoa anayeishi humo, Idara ya Misitu ya Marekani ilitangaza kuwa itasimamia misitu ya taifa kwa msingi wa dhana hiyo.

Kwa Kiswahili kuna majina mengine yanayokaribiana na usimamizi wa mfumo-ikolojia, lakini hayatoshi. Usimamizi wa mazingira ni jina pana mno, maana linabeba hata taka za mjini na moshi wa viwanda. Uhifadhi wa misitu, masikioni mwa wanakijiji wengi, ni mpaka, bango na askari. Neno usimamizi linaruhusu kuvuna, na humdai mvunaji hesabu. Neno mfumo ndilo linaloeleza hesabu hiyo ni ya nini.

Somo moja kubwa la usimamizi huu lilitoka kwenye volkano. Mount St. Helens, katika jimbo la Washington, ulilipuka Mei 18, 1980. Wataalamu walitarajia uhai ungerudi polepole kutoka pembezoni. Walipofika walikuta mwingi umesalia humo humo: mizizi hai chini ya majivu, miche iliyokingwa na theluji, magogo, hata fuko waliokuwa mashimoni, ambao sasa walikuwa wakiutoa udongo wa zamani juu ya majivu. Mwanaikolojia Jerry Franklin na wenzake walivitambua vyote hivyo kuwa urithi wa kibiolojia, yaani kile ambacho msitu uliopita unauachia msitu ujao.

Swali la mvunaji likabadilika hapo. Zamani aliuliza atatoa nini. Sasa akaanza kuuliza ataacha nini. Gogo linalooza, lililokuwa likichomwa kama uchafu, lilionekana kuwa na kazi: hushika unyevu wakati wa kiangazi, huhifadhi wadudu na kuvu, na miche huota juu ya mgongo wake. Mpango wa misitu ya Kaskazini-Magharibi mwa Marekani wa mwaka 1994 uliagiza sehemu kubwa ya maeneo ya kuvunia ibakiziwe miti kwenye angalau asilimia 15 ya kila kitalu kinachokatwa.

Milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga nchini Tanzania, ilitoa somo jingine. Msizi, mti unaokua upesi, uliletwa eneo la Amani kutoka nje ya milima hiyo na baadaye ukapandwa kuziba mapengo ya miti iliyokatwa. Kwa hesabu ya mbao, uamuzi ulikuwa mzuri. Lakini hondohondo wanayapenda matunda yake, na mbegu wakazidondosha mbali na mashamba. Kila pengo lililoachwa na msumeno likawa kitalu cha msizi, mahali ambapo miti ya asili ingeota. Aliyepanga alipima mti; ndege na pengo hakuviweka kwenye hesabu. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, imeurithi mzigo huo.

Milima hiyo hiyo inafundisha kwamba watu wamo ndani ya mfumo. Mto Zigi unashuka kutoka huko kulisha bwawa la Mabayani, ambalo linaupa maji mji wa Tanga. Ilipoamuliwa kuunganisha vipande vya msitu kwa ushoroba wa Derema, wakulima waliopanda iliki chini ya miti walitakiwa kuacha mashamba yao kwa fidia. Ushoroba unawafaa wanyama na mimea, lakini kaya iliyopoteza iliki yake nayo ni lazima ihesabiwe, tangu siku ya kwanza ya mpango.

Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inavipa vijiji haki ya kuwa na misitu yao wenyewe, kwa hiyo istilahi ya usimamizi wa mfumo-ikolojia haipaswi kubaki vyuoni. Kabla msumeno haujawashwa, kamati ya maliasili ya kijiji ijibu: nini kitabaki, nani na nini vinategemea kile kinachoondolewa, na nani atarudi kupima matokeo ili mpango urekebishwe? Mpango usiojibu hayo ni mpango wa kukata miti tu, hata jalada lake liandikwe jina gani.