Vitundu Pekee Havitoshi: Makaa, Maji na Iodini Nururifu

Makaa amilifu yanayochuja maji mijini hupimwa ubora wake kwa iodini: hutiwa katika maji yenye iodini, kisha huhesabiwa ni miligramu ngapi zimenaswa na kila gramu ya makaa. Kwa kipimo hicho, mtu angedhani kwamba iodini nururifu ilipoingia katika maji ya kunywa, dawa yake ilikuwa tayari ghalani. Haikuwa hivyo. Historia ya vichujio inaonyesha kwamba wingi wa vitundu haukutosha. Kilicholeta mafanikio ni kuijua sura ambayo iodini imekuja nayo.

Ustadi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1785, huko St Petersburg, mfamasia Tobias Lowitz aligundua kwamba makaa huondoa rangi katika vimiminika. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alitia asidi ya salfa kwenye majivu ya mwani, akaona mvuke wa zambarau ukipanda: ndiyo iodini. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikafanya makaa kuwa jambo la kufa na kupona, vifuu vya nazi vikichomwa ili kujazia vinyago vya kuzuia gesi ya sumu. Makaa yakipitishiwa mvuke kwenye joto kali hutoboka vitundu visivyoonekana kwa macho, na kuta za ndani za gramu moja tu huweza kuzidi meta za mraba 1,000. Mvuke wa iodini ukiingia humo hung'ang'ania. Lakini ndani ya maji, iodini mara nyingi huwa iodidi, ioni yenye chaji hasi inayoshikamana na maji kuliko makaa. Hapo vitundu vyote hivyo ni wavu uliotegwa mahali samaki hapiti.

Onyo kwamba sura ya iodini ndiyo huamua lilitangulia. Oktoba 1957 kinu cha nyuklia cha Windscale, Uingereza, kilishika moto. Vichujio vilivyowekwa juu ya mabomba ya moshi kwa msisitizo wa mwanafizikia John Cockcroft vilinasa vumbi jingi nururifu, lakini iodini, kwa kuwa ilikuwa mvuke, ilipenya ikaangukia malisho, na maziwa ya eneo la takriban kilomita za mraba 500 yakamwagwa. Machi 2011, baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, maji ya mtambo wa Kanamachi jijini Tokyo yalikutwa na bekereli 210 za iodini-131 kwa kila kilo, ilhali kikomo kwa watoto wachanga kilikuwa 100. Utafiti uliofuata nchini Japani ulionyesha kwamba klorini kidogo ikitangulia kutiwa, iodidi hugeuka kuwa maumbo ambayo unga wa makaa huyanasa vizuri zaidi. Makaa ni yaleyale. Iliyogeuzwa ni iodini.

Wapo watakaosema kwamba iodini-131 hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8, basi maji yaachwe yatulie. Hoja hiyo inalifaa tangi, haimfai mtoto mwenye kiu leo, kwa maana tezi ya shingo hukusanya iodini bila kubagua iliyo salama na iliyo nururifu. Tena yuko ndugu yake, iodini-129, anayehitaji takriban miaka milioni 16 kupungua kwa nusu. Imo katika maji ya ardhini ya eneo la nyuklia la Hanford, Marekani, ambako kungoja si dawa. Kwa sababu hiyo makaa na zeolaiti (madini yenye vitundu) hutiwa fedha, ambayo hufungamana na iodidi na kuwa kitu kisichoyeyuka. Hata hivyo, mwaka 2018 ilibainika kwamba maji mengi yaliyosafishwa Fukushima yalikuwa bado yamezidi viwango, iodini-129 ikiwa miongoni mwa sababu.

Wengine watasema kichujio hakiangamizi sumu, huihamisha tu. Ni kweli, na kuhamisha huko ndiko faida yake: maji hutiririka hadi kinywani, kichujio kilichojaa huweza kufungiwa na kulindwa. Leo maabara zinaunda vitu vyenye vitundu vingi kuliko makaa, na vingi bado hujaribiwa kwa mvuke wa iodini, kama kwamba Windscale na Tokyo hazikutufundisha kitu. Kabla ya kuhesabu vitundu, tuulize maji yamebeba iodini ipi, kwa sura gani, na kichujio kikishajaa nani atakilinda.