Lukwata: Mnyama wa Ziwa Victoria, Ngano na Ukweli

Nawaandikia kutoka Elwak, kaunti ya Mandera, mji usio na ziwa. Hata jina lake limetokana na visima: visima vya Waaq, jina la Mungu katika imani ya kale ya Waoromo na Wasomali. Lakini penye uhaba wa maji ndipo maji huzungumzwa sana, na wenzangu wa kazini waliotoka Nyanza hawachoki kunisimulia vitisho vya ziwa lao. Kwa faida ya wasomaji wa mwambao, nakusanya hapa habari za kitisho kimoja: Lukwata.

Jina ni la Kiganda. Lukwata husimuliwa kuwa mnyama mkubwa wa majini, avamiaye mitumbwi na kupigana na mamba. Mwaka 1902 Harry Johnston, aliyekuwa kamishna wa Waingereza Uganda, aliandika habari zake, akakisia kuwa huenda ni samaki mkubwa mno au jamii ya nguva. Mwaka 1913 C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kisa cha Sir Clement Hill: walipokuwa chomboni karibu na mlima Homa, mnyama aliibuka akataka kumnyakua mtu aliyeketi gubeti. Hill alikiona kichwa, akashikilia kuwa hakikuwa cha mamba.

Je, yupo? Mimi naona hayupo. Wanajiolojia wamegundua kwamba ziwa hili lilikauka miaka ipatayo 15,000 hadi 17,000 iliyopita, kwa hiyo haliwezi kuficha dubwana lililobaki tangu enzi za kale. Kina chake hakizidi sana mita 80, na nyavu hutupwa humo kila siku. Waliomo ni mamba, viboko, chatu wa kandokando na kambale wakubwa; yeyote kati yao akiibuka magharibi, jua likizama, hutosha kuzaa hadithi. Sisi wa pwani twajua mambo haya. Nguva wetu wa Lamu ni mnyama wa kweli anayekula majani ya baharini, lakini kwenye ngano amekuwa nusu mwanamke.

Kiuacho watu ziwani ni dhoruba. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,000, na upepo wa nchi kavu ukikutana juu ya maji yenye joto, radi na mawimbi huzuka ghafla, zaidi usiku. Usiku huohuo ndio wavuvi wa omena huwa kazini na taa zao. Mtumbwi usiporudi, wafiwa hutafuta wa kumlaumu, na Lukwata hawezi kujitetea.

Wazee waliosimulia ngano hii hawakukosea kuwatia watoto hofu ya maji. Isimuliwe, maana ni hazina. Ila mvuvi akifa maji, tuulize kwanza: alikuwa na jaketi la kujiokoa? Alipata utabiri wa hali ya hewa kwa lugha anayoielewa? Maswali hayo yana wa kuyajibu, naye si Lukwata.