Kura ya Siri, Mchango wa Hadharani

Uchaguzi wa Australia hufanyika Jumamosi, na vituo vingi vya kupigia kura ni shule za msingi. Ukiingia uwanjani siku hiyo, kabla hujaifikia foleni utasikia harufu ya vitunguu. Wazazi wamesimama nyuma ya jiko la gesi wanageuza soseji. Moja inawekwa juu ya kipande cha mkate mweupe, inatiwa vitunguu na sosi ya nyanya, unalipa dola chache, unaendelea na safari yako. Pesa zinaingia katika mfuko wa kamati ya wazazi, zikanunue vitabu vya maktaba au vifaa vya michezo. Wenyewe wanaiita soseji ya demokrasia, na mwaka 2016 Kituo cha Kamusi ya Kitaifa cha nchi hiyo kililiteua jina hilo kuwa neno la mwaka.

Msomaji wa Nairobi au Mwanza akisikia hayo huona tumepitwa. Sisi nasi kura tunazipigia shuleni, katika madarasa yenye madawati ya kugombaniwa na mapaa yanayovuja. Watu wapo, foleni ipo tangu kabla ya alfajiri, kila mtu ana chochote mfukoni. Kwa nini lisiwekwe kopo la mchango langoni, shule ikafaidika na umati unaokuja mara moja kwa miaka mitano? Nimelisikia wazo hilo kwa watu ninaowaheshimu, wazazi na walimu, na sikubaliani nao. Sina ugomvi na mchango wenyewe. Shida yangu ni namna mchango unavyofanya kazi kwetu, ukilinganisha na namna kura inavyotakiwa kufanya kazi popote pale.

Tuanze na hao Waaustralia. Kupiga kura katika uchaguzi wa taifa ni lazima kwa sheria tangu 1924, na asiyejitokeza bila sababu ya maana hutozwa faini. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba soseji ndiyo iliyomvuta mtu kituoni, angekuja tu. Tena muuzaji haulizi kama umeshapiga kura. Mtoto anauziwa, mpita njia anauziwa. Wapiga debe wa vyama hawaruhusiwi kufanya kazi yao ndani ya mita 6 kutoka mlangoni. Na kubwa kuliko yote, hakuna anayeandika jina lako. Ukinunua tano, au usiponunua hata moja, hakuna daftari linalojua. Ikumbukwe pia kwamba ni makoloni ya huko, Victoria na Australia Kusini, yaliyotunga mwaka 1856 sheria za kura ya siri kwa karatasi zilizochapishwa na serikali, utaratibu ambao nchi nyingi ziliuiga baadaye. Uingereza, iliyokuwa ikiwatawala, ilisubiri hadi 1872.

Harambee ni jambo jingine kabisa. Jomo Kenyatta aliifanya wito wa taifa mwaka 1963, na kwa nguvu yake wanakijiji walijenga shule za sekondari ambazo serikali isingezijenga kwa miaka mingi. Lakini itazame inavyoendeshwa. Meza imetandikwa kitambaa, juu yake pana daftari na karai. Msema chochote ana kipaza sauti. Bahasha inafunguliwa mbele ya watu, jina linasomwa, kiasi kinasomwa, makofi yanapigwa. Mheshimiwa anasimama na kutangaza laki mbili zake mwenyewe, kisha laki moja na nusu kutoka kwa marafiki zake ambao hawakuweza kufika. Mama aliyekuja na kuku anamtoa. Kuku anapigwa mnada, ananunuliwa kwa bei ya mbuzi, na aliyemnunua anamrudisha mezani auzwe tena. Nguvu ya harambee iko hapo. Macho ya wenzako yanakusukuma utoe kuliko ulivyokusudia ulipotoka nyumbani. Silisemi hilo kwa dharau, maana watoto wengi wa vijijini walipata elimu kwa sababu ya macho hayo.

Kura inataka kinyume chake. Inataka macho yote yaondoke, abaki mtu na karatasi yake.

Sasa viweke vyote viwili katika uwanja mmoja, saa moja asubuhi. Mwalimu mkuu amesimama langoni na kopo. Ni mtu mwema, na paa la darasa la nne linavuja kweli. Anafika mama mwenye watoto wawili katika shule hiyo, ana shilingi 50 za nauli ya kurudi. Akipita bila kutoa, mwalimu amemwona, na majirani walio nyuma yake kwenye foleni wamemwona. Saa nne anapita mgombea udiwani. Haombi kura, anajua sheria inamkataza. Anasalimia tu, anakunjua noti za elfu moja polepole na kuzitumbukiza moja moja. Foleni nzima imeshuhudia. Hakumpa mpiga kura yeyote hata senti, amechangia paa. Nani atamshtaki, na kwa kosa gani?

Kenya hasa haina sababu ya kujifanya haijui foleni yenye macho inaweza kufanya nini. Katika mchujo wa chama cha KANU wa mwaka 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea au picha zao, chifu akiangalia, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa mbunge bila kupingwa tena. Palikuwa na mahali ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu mchana kweupe. Waliosimama katika mistari ile wengi wangali hai, na bado wanapiga kura katika viwanja vilevile.

Sheria zetu zenyewe zimekuwa zikijitahidi kuutenganisha mkono unaotoa na mkono unaoomba kura. Sheria ya Uchaguzi ya Kenya ya mwaka 2011 iliweka kwamba anayewania kiti akishiriki harambee ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu anapoteza sifa ya kugombea. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwazuia maofisa wa serikali kushiriki michango ya hadhara. Tanzania ilipita njia ndefu zaidi. Marekebisho ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa kisingizio cha ukarimu wa kimila. Mashirika ya haki za binadamu yakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha Katiba: vilimbagua mgombea maskini na kuifungulia rushwa mlango. Hukumu ile naiona kuwa miongoni mwa kazi bora za mahakama zetu, kwa kuwa ilikataa kuitumia mila kama kifuniko.

Isitoshe, mila zetu za dini hazisukumi mchango wa kelele. Qurani inausifu utoaji wa faragha, na Injili ya Mathayo inataka mkono wa kushoto usijue wa kulia umefanya nini. Tena sadaka ina wakati wake. Zakatul-fitri hutolewa kabla ya swala ya Idd ili maskini naye aile sikukuu. Ikicheleweshwa hadi baada ya swala inahesabiwa sadaka ya kawaida.

Marekani imejaribu pande zote mbili, kuruhusu chakula siku ya kura na kukizuia. Huko New England, karne ya 18, siku ya uchaguzi ilikuwa na keki yake maalumu ya hamira na zabibu kavu. Hadi leo, katika mikutano ya miji ya Vermont inayofanyika Jumanne ya kwanza ya Machi, si ajabu kukuta chakula cha mchana kimepikwa na kuuzwa kwa ajili ya shule au kanisa. Hapo sioni tatizo lolote: mambo mengi ya mkutano ule huamuliwa kwa sauti, jirani akimsikia jirani, hivyo hakuna siri ambayo sahani ya chakula inaweza kuivunja. Katika uchaguzi wa kitaifa hali ni tofauti. Mwaka 2008 kampuni ya Starbucks ilitangaza kahawa ya bure kwa waliopiga kura, kisha ikalazimika kumpa yeyote atakayeiomba, kwa kuwa sheria inakataza kumlipa mtu kwa kupiga kura, hata malipo yakiwa kikombe kimoja.

Jimbo la Georgia lilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2021 iliharamisha kumpa mpiga kura chakula au kinywaji ndani ya futi 150 kutoka jengo la kituo, au futi 25 kutoka kwa mtu yeyote aliye kwenye foleni. Sehemu hiyo ya pili ilisimamishwa na jaji mwaka 2023. Katika jimbo ambalo mwaka mmoja kabla baadhi ya watu walisubiri kwa saa kadhaa, kumfanya mtoa maji mhalifu ni ukatili. Hata hivyo sheria hiyohiyo inawaruhusu wasimamizi kuweka chombo cha maji kisicho na mhudumu, kila mtu ajichotee. Hilo ningelichukua bila kusita.

Kwa hiyo, kamati ya wazazi ikitaka kuuza chai na mandazi siku ya uchaguzi, iuze nje ya geti, kwa bei ya kila siku, bila daftari la majina, bila mgombea wala mwalimu mkuu nyuma ya meza, na mapato yasomwe katika mkutano wa wazazi wiki inayofuata. Maji ya wanaosimama juani yatolewe na tume ya uchaguzi, bure na kwa wote, kwa sababu ndiyo iliyowasimamisha pale. Na harambee ya paa la darasa la nne ipangiwe siku nyingine, kwa kipaza sauti chake na kuku wake, siku ambayo mama yule anaweza kuamua kubaki nyumbani.