Teknolojia ya ubaridi inavyobadili kilimo cha Rungwe

Na Mwandishi Wetu

MFUGAJI wa Kinyala, wilayani Rungwe, hukamua ng'ombe wake mara mbili kwa siku. Asipokuwa na mahali pa kupoza maziwa, ana hakika ya kuuza mara moja tu. Maziwa ya asubuhi humfikia mnunuzi yakiwa mazima. Ya jioni hulala kwenye ndoo hadi alfajiri, na hatima yake ni kunywewa nyumbani, kugandishwa kuwa mtindi au kumwagwa.

Kinachoyaharibu ni joto. Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na nyuzi joto zinazokaribia 38, na katika joto hilo bakteria waliomo wanaweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa, au hata pungufu. Kutoka ukamuaji wa saa 11 jioni hadi gari la ukusanyaji lifike saa 1 asubuhi ni saa 14 kamili. Baridi ya Tukuyu, ile inayomfanya mgeni kutoka Dar es Salaam anunue sweta siku ya kwanza, haitoshi kuyalinda. Yanatakiwa kushushwa hadi nyuzi 4, tena ndani ya saa chache baada ya kukamuliwa.

Kwa bahati mbaya, mazao yanayoleta fedha Rungwe karibu yote ni ya namna hiyo. Mkulima wa mahindi anaweza kufunga ghala na kungoja bei ipande. Chini ya Mlima Rungwe, penye udongo wa volkano na mvua zinazozidi milimita 2,000 kwa mwaka katika maeneo ya juu, watu wanaishi kwa chai, ndizi, maziwa na maparachichi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomngoja mwenyewe. Kwa hiyo teknolojia iliyobadili kilimo cha huku kuliko nyingine zote ni ile inayompa mkulima muda.

Chai ndiyo iliyotangulia kulifundisha somo hilo. Ililetwa Kyimbila na Wajerumani mwaka 1904, miaka miwili baada ya kupandwa Amani, mkoani Tanga. Jani bichi likichumwa huendelea kupumua. Likishindiliwa kwenye gunia, au gari likikwama kwenye tope, hupata joto na kuwa jekundu kabla ya kufika kiwandani, na hakuna mtambo unaoweza kulirudisha lilivyokuwa. Ndiyo maana katika maeneo ya chai karavati lililozibuka ni zana ya kilimo sawa na jembe, ingawa sijapata kuliona kwenye maonyesho ya Nanenane.

Kwa upande wa maziwa, jawabu ni tangi la chuma kisichoshika kutu, lenye kuta mbili zilizojazwa kizuia joto katikati. Chini yake kuna mtambo wa kupoza unaofanya kazi kama wa jokofu la nyumbani, na ndani kuna pangaboi linalozunguka polepole ili maziwa yote yapoe kwa usawa. Tangi kama hilo likiwa karibu, maziwa ya jioni nayo hupata soko.

Tangi linahitaji umeme usiokatika ovyo. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, iliyoanzisha Wakala wa Nishati Vijijini, huzungumzwa zaidi kwa habari ya taa na televisheni. Kwa mfugaji, nguzo iliyofika kijijini ina maana ya kuachana na jenereta ya dizeli, ambayo gharama yake humeza faida ya maziwa.

Kituoni kuna vipimo. Kipimamaji huelea juu zaidi au chini zaidi kulingana na uzito wa maziwa, na hivyo kumfichua aliyeongeza maji. Kisha maziwa kidogo huchanganywa na spiriti. Yakikatika, yameanza kuchacha na hayapokelewi. Ukali huo una sababu. Ndani ya tangi, ndoo ya mtu mmoja hukutana na za kijiji kizima, na moja iliyochacha inaweza kuziharibu nyingine zote.

Hata ng'ombe mwenyewe ni matunda ya ubaridi. Mbegu za madume bora kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, husafirishwa zikiwa kwenye mirija myembamba iliyozamishwa katika naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mfugaji anayemwona ng'ombe wake amepata joto asubuhi hushauriwa ahimilishwe mchana au jioni ya siku hiyohiyo. Awali alituma mtoto kwa miguu kumtafuta mtaalamu. Sasa anapiga simu.

Parachichi ndilo zao ambalo mabadiliko yake yanaonekana kwa macho. Miti mirefu ya kienyeji imesimama katika migomba tangu zamani, na matunda yake yaliuzwa kwa ndoo kando ya barabara. Aina inayotakiwa nje ni Hass, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1935 kwa jina la mbeba barua wa California, Rudolph Hass. Mbegu yake ikipandwa haizai tunda lilelile, hivyo kikonyo hukatwa na kubebeshwa juu ya mche mwingine. Kila mti wa Hass duniani, pamoja na ile iliyopandwa na Kampuni ya Rungwe Avocado na wakulima wadogo wanaoizunguka, ni kipande cha mti ule mmoja. Kwa kisu na utepe wa plastiki, mkulima hupunguza pia kungoja: mche uliobebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa 3 au wa 4, wakati wa mbegu unaweza kumweka miaka 7 na zaidi.

Tunda hili haliivi likiwa mtini. Huanza kuiva likishachumwa, na hapo ndipo dalali asiye mwaminifu hupata nafasi ya kuchuma changa ili awahi bei. Changa hunywea, halilainiki vizuri, na hulichafua jina la nchi nzima sokoni. Kipimo ni rahisi: kipande cha tunda hupimwa uzito, hukaushwa katika oveni, kisha hupimwa tena. Hass ikibakiza walau asilimia 21 ya uzito wake, imekomaa.

Baada ya hapo ni mwendo wa baridi. Tunda hupozwa hadi nyuzi 5 au 6 na kuingizwa kwenye kontena ambalo, mbali na kupoza, hupunguza oksijeni na kuongeza hewa ya ukaa ili lipumue polepole katika wiki kadhaa za baharini. Kutoka Tukuyu hadi Dar es Salaam ni kilometa zinazokaribia 900, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maparachichi ya Tanzania ilisafiri mbali zaidi, hadi bandari ya Mombasa. China ilikubali kupokea maparachichi ya Tanzania Novemba 2022, lakini safari ya huko ndiyo inayohitaji ubaridi usiokatika hata siku moja.

Swali linalobaki ni nani mwenye ubaridi huo. Asiye na chumba cha baridi wala hisa katika tangi hupokea bei anayotajiwa, kwa sababu akikataa, bidhaa itamwozea mikononi. Wafugaji wa Githunguri, nchini Kenya, ambao ushirika wao ulianza mwaka 1961, walijenga kiwanda chao wenyewe, na lori la maziwa linaloingia pale linakwenda kwa wenye mali.

Umiliki nao una mzigo wake. Bili ya umeme haingoji msimu, na fundi wa mitambo ya kupoza huenda akalazimika kutoka Mbeya mjini, zaidi ya saa moja kwa gari. Mtambo ukizimika saa 4 usiku na mlinzi asigundue, asubuhi hakuna wa kulaumiwa kwa ndoo yake. Yamechacha ya wote.