Nondo ya Baba na Sensa za Upepo

Baba alipima upepo wa matairi ya malori kwa nondo, kibandani pake Ubungo. Nondo ikiruka, tairi limejaa. Ikitua kwa kishindo kizito, limepungua. Mwaka 1986 gari la Porsche 959 tayari lilikuwa na mfumo unaopima upepo wenyewe. Marekani ililazimisha mifumo hiyo kwenye magari madogo mapya kufikia 2007, Ulaya 2014.

Leo mteja akileta rimu mpya, nahamisha sensa nne za mfumo huo, kila moja imeshikamana na vali. Chuma cha kufungulia tairi sikiingizi karibu na sensa, itavunjika. Nabadilisha mpira wa vali. Betri imezibwa ndani: ikifa, nafunga sensa mpya.

Taa ya njano ya onyo la upepo ikizimika kwenye dashibodi, bado nagonga tairi. Mazoea yana tabu.