Katabi angekamatwa

Wadau, kuna jambo hunichekesha na kunikera kila nikisoma habari za ujangili Katavi. Hifadhi yenyewe ina jina la mwindaji! Ni Katabi, ambaye wenyeji wanaamini mzimu wake unakaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi. Watu hupeleka sadaka pale kuomba baraka. Sasa afufuke leo, achukue upinde wake aingie mbugani. Jioni atalala mahabusu.

Usevya, nchi ya Wapimbwe, iko kusini mwa hifadhi hiyo. Wapimbwe ni wakulima na wavuvi, lakini uwindaji nao ni wao tangu enzi za mababu. Na kuwinda mbuga ya wazi si mchezo. Hakuna mti wa kujificha, na nyamera anakuona kabla hujamwona. Unasoma upepo kwanza ili harufu yako isimfikie, unatambaa kwenye majani, akiinua kichwa unaganda kama kisiki. Matajiri wanaowinda kulungu kwenye milima ya Uskoti hutambaa hivyo hivyo kwa matumbo yao, na wao wanaitwa waungwana.

Huku kwetu majina yalibadilika kwa karatasi. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kudhibiti uwindaji kwa vibali. Mwaka 1933 wakoloni wakakutana London wakakubaliana kupiga vita mitego, nyavu, mashimo na sumu. Angalieni vizuri orodha hiyo: ni zana za mtu asiye na bunduki! Raifo ikabaki halali. Hapo ndipo babu yangu na wako walipogeuzwa majangili bila kuhama kijijini.

Mwaka 1974, Operesheni Vijiji ikiwa imepamba moto nchini, Katavi ikawa Hifadhi ya Taifa. Ilipanuliwa baadaye, sasa ni kilometa za mraba 4,471.

Simtetei anayeua tembo kwa ajili ya pembe, huyo afungwe. Nami napenda wanyama hawa waendelee kuwepo. Lakini jirani na Katavi kuna Pori la Akiba Rukwa, ambako uwindaji wa kitalii umeruhusiwa. Nyati akivuka mpaka kuingia huko, mgeni mwenye dola na kibali anampiga risasi, anapiga na picha. Kijana wa Usevya akimpiga nyati huyo huyo kwa gobore, anapanda karandinga.

Mnasemaje wadau?