Kutoka Ngasi hadi Kipaimara: Nani Anawafundisha Vijana Wetu wa Mbagala na Tegeta?



Kila Desemba tunapopanda kwenda nyumbani, kuna swali ambalo wazee wa Kidia huwauliza watoto wetu waliozaliwa Dar es Salaam: "Wewe rika lako ni akina nani?" Mtoto hutazama chini, kisha hujibu, "Niko kidato cha pili, babu." Watu hucheka, chai inamiminwa, mazungumzo yanaendelea. Lakini babu hakuuliza darasa. Aliuliza huyu kijana amefundwa pamoja na nani, na siku akipotea ni nani atakayemfuata.

Kamati ya harambee iliponiomba niandike historia fupi kwa ajili ya kijarida cha mwaka huu, niliamua kuandika juu ya swali hilo. Nimefundisha darasa la Kipaimara kila Jumamosi huku Mbagala kwa miaka mingi, na ninaona swali la babu bado halijapata jibu.

Mafundisho kabla ya kanisa

Wahenga wetu hawakumwacha kijana akue kama mti wa porini. Wavulana walipitia mafundisho yaliyoitwa ngasi, na wasichana walikuwa na yao, shija. Humo walifundishwa heshima kwa wazazi, mambo ya ndoa, kazi, siri za ukoo na namna ya kuishi na jirani. Wafundaji walitumia mregho, fimbo iliyochongwa alama, na kila alama ilikuwa na somo lake. Mzee aliipitisha kidole kwenye alama, akaimba somo, vijana wakaitikia. Ndiyo iliyokuwa daftari lao.

Waliofundwa pamoja walitoka wakiwa rika moja. Rika lilikuwa kifungo cha maisha. Mwenzako akifiwa, ulikwenda. Akikosea, wewe ndiye uliyetumwa kumwonya, kwa sababu aibu yake ilikuwa yako pia.

Wamisionari wafika

Mwaka 1893 wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame. Mwaka 1896 walifungua kituo huku kwetu, Kidia. Ndugu zetu Wakatoliki walikuwa tayari wamefikiwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu, walioanza Kilema mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890. Ndiyo maana chama chetu hiki kina watu wa makanisa yote mawili, na haya ninayoyasema yanatuhusu sote.

Hazikuwa nyakati za amani. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wenzake hapo hapo Old Moshi, na hadi leo wajukuu wanatafuta fuvu la kichwa chake. Kijana aliyeketi darasani kwa mmisionari wakati ule alikuwa amewaona watu wa rangi ya mwalimu wake wakimnyonga mfalme wake. Tukumbuke hilo kabla ya kusema kwamba wazee walipokea dini kirahisi.

Mwaka 1902 alikuja Kilimanjaro mmisionari Bruno Gutmann, aliyezaliwa mwaka 1876, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Old Moshi. Wenzake wengi waliiona ngasi kuwa upagani mtupu. Gutmann alikaa chini na wazee, akasikiliza, akaandika. Mafundisho yale ya wafundaji aliyachapa kwa Kijerumani katika vitabu vitatu vilivyotoka kati ya 1932 na 1938. Leo mtu akitaka kujua wahenga wetu walifundisha nini, mara nyingi huanzia humo.

Jambo linalotuhusu zaidi ni alilolifanya na darasa la Kipaimara. Gutmann alisema Mungu alimpa mwanadamu vifungo vitatu tangu mwanzo: ukoo, ujirani na rika. Aliona kwamba kanisa likivikata vifungo hivyo, Mkristo hubaki peke yake kama kuni iliyotolewa motoni, huzimika. Kwa hiyo vijana wa Kipaimara aliwaunganisha katika vikundi vidogo, akiviita kwa jina la ngao, kama wapiganaji wanaosimama bega kwa bega, ngao ya mmoja ikimlinda mwenzake. Kijana hakufundishwa Amri Kumi ili azijue yeye tu. Alifundishwa akiwa na wenzake atakaowajibika kwao baada ya kuwekewa mikono.

Mafundisho yaliyozaa matunda

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani. Gutmann naye aliondoka mwaka 1920, akarudi katikati ya miaka ya 1920. Katika kipindi hicho sharika zetu zilishikwa na walimu wenyeji. Hawakuwa na mishahara ya maana, lakini Jumapili kengele ililia na watoto walifundishwa. Kama mafundisho yangekuwa mali ya Mzungu, yangeondoka naye melini.

Mtu mmoja wa Old Moshi anatufundisha jambo jingine. Joseph Merinyo alilelewa karibu na Gutmann, hata akasafiri naye kwenda Ujerumani. Mwaka 1925 wakulima wenyeji wa kahawa walipoanzisha chama chao, KNPA, ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Chama hicho ndicho kilichotangulia KNCU tunayoijua. Sidhani Gutmann alifurahia yote hayo, maana aliogopa fedha, aliogopa mji, na hakupenda elimu ya kizungu iwaondoe vijana kwenye ukoo. Hapo alikosea. Kama wazee wetu wangemfuata katika hilo, mimi na wewe tusingekuwa hapa tukisoma kijarida hiki Dar es Salaam. Lakini Merinyo na wenzake walijua kuungana, kuaminiana na kuweka fedha pamoja. Hawakulijua hilo kwa sababu ya kahawa. Walikuwa wamefundwa.

Tulivyohamia huku

Huku Pwani kanisa lilikuwa na historia yake. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na Wabenediktini wa Kikatoliki mwaka 1888. Lakini kwa miaka mingi makanisa yalikuwa ya katikati ya mji. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT, na mkuu wake wa kwanza alikuwa mtu wa kwetu Kilimanjaro, Askofu Stefano Moshi wa Mamba. Mtu aliyetoka mlimani kuja kufanya kazi bandarini au wizarani alikuta mahali pa kusali.

Kisha mji ukapanuka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu hawa hawakujazana Kariakoo. Walikwenda pembeni, Temeke hadi Mbagala na Chamazi, Kinondoni hadi Tegeta, Boko na Bunju. Mji ulivimba hadi wilaya za Ubungo na Kigamboni zikakatwa kutoka Kinondoni na Temeke. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliokwenda kununua viwanja huko, tukajenga chumba kimoja kimoja. Na mahali tulipojenga, tulisali kwanza chini ya mwembe au sebuleni kwa mtu, kisha kwenye kibanda cha mabati, kisha kanisa.

Ukoo ukabaki Kidia. Ujirani ukawa wa ukuta na geti. Katika vile vifungo vitatu, kilichowezekana kwa mtoto wetu ni rika tu, na rika lenyewe linapatikana mahali pachache. Mojawapo ni darasa la Kipaimara.

Jumamosi moja Mbagala

Sasa niseme la kwangu. Darasa letu lina vijana wa miaka 13 hadi 16. Wapo Wachaga, Wapare, Wanyakyusa, Wahaya, na wengi ambao ukiwauliza kabila wanasema "mtu wa Mbagala." Kwa kawaida wanasoma miaka miwili: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Meza ya Bwana. Ndiyo Katekisimo Ndogo aliyoiandika Martin Luther mwaka 1529 baada ya kutembelea sharika za vijijini na kukuta watu hawajui hata Sala ya Bwana.

Kwa miaka mingi nilifundisha kwa kukaririsha. "Maana yake nini?" nami nikasikia sauti arobaini zikijibu pamoja, nikaridhika. Mtihani walifaulu, gauni jeupe lilishonwa, pilau ililiwa, na mwezi uliofuata nusu yao sikuwaona kanisani tena.

Jumamosi moja tulikuwa kwenye Amri ya Nne, waheshimu baba yako na mama yako. Binti mmoja akanyoosha mkono. Akauliza, "Mwalimu, na kama baba alituacha, namheshimu vipi?" Darasa likanyamaza. Mimi nilikuwa na sura tatu za kumaliza kabla ya mchungaji kuja kuwapima. Nikamwambia, "Soma maana yake kama ilivyo kitabuni." Akasoma, bila kukosea neno. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Niliwauliza wenzake anakaa wapi. Alikuwa amekaa nao benchi moja mwaka mzima, na hakuna aliyejua.

Hilo ndilo lililoniuma. Kosa la kwanza lilikuwa langu, nilikwepa swali. Lakini kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi: nilikuwa na watoto arobaini, sikuwa na rika hata moja. Kwenye ngasi, au kwenye ngao za Gutmann, binti yule angetafutwa kabla jua halijazama.

Tangu hapo nilibadili. Vijana nawagawa watatu watatu, wanaokaa karibu. Asipokuja mmoja, wawili wanakwenda kwao kabla ya kurudi nyumbani. Maswali tunayapa saa nzima, hata kama sura haikuisha. Swali la yule binti tunalizungumza kila mwaka, na vijana wenyewe wamenifundisha jibu: kumheshimu mzazi si kusema uongo juu yake, na Mungu hakumwamuru mtoto anyamaze anapoumizwa. Naye mama aliyebaki akalea peke yake anastahili heshima mara mbili. Sikulipata hilo kitabuni, lakini naamini Katekisimo ndiyo iliyotufikisha hapo.

Vikundi vyangu havifanani na vya Gutmann kwa jambo moja. Yeye alijenga rika ndani ya kabila. Mimi kikundi changu kimoja kina Mchaga, Mnyakyusa na mtoto asiyejua kwao ni wapi. Nadhani hapo Mbagala imekwenda mbele kuliko Kidia ya 1930.

Chama kinahusika vipi

Mtu atasema hii ni kazi ya kanisa, chama ni cha barabara na maji. Nakubali, kanisa lina walimu wake, wainjilisti kwa Walutheri na makatekista kwa Wakatoliki. Lakini mafundisho yanahitaji vitu viwili ambavyo usharika wa pembezoni mwa mji hauwezi kuvitoa peke yake: wazee, na nyumbani. Kijana wa Tegeta anaweza kujua Amri ya Nne kwa moyo na asimjue babu aliyemzaa baba yake.

Ndiyo maana naunga mkono mradi wa mwaka huu wa ukumbi wa vijana huko nyumbani. Wazo ni rahisi. Tunapopanda Desemba, vijana wetu waliomaliza Kipaimara Dar wakae siku chache pamoja na wenzao wa kijijini, Walutheri na Wakatoliki. Wazee wawasimulie Mangi Meli, Merinyo na mregho. Wao nao wawaonyeshe wenzao mambo ya mjini, wasaidiane masomo, wabadilishane namba za simu. Wakirudi, kijana wa Mbagala atakuwa na mwenzake Kidia anayejua kama yu mzima. Leo mvua ikinyesha tunakosa hata mahali pa kuwaketisha.

Samaki mkunje angali mbichi. Hawa wa miaka 14 wana miaka michache tu kabla hawajaoa, hawajaolewa, au hawajapotea mjini bila sisi kujua. Watakaoendesha chama hiki tukiondoka ni hao hao. Tusipowafunga pamoja sasa, hakutakuwa na wa kusoma kijarida hiki miaka ishirini ijayo, na barabara tuliyoichangia itapitwa na watu wasiojua iliwapeleka kwa nani.

Bahasha ya mchango imewekwa ndani ya kijarida hiki. Unapoijaza, mkumbuke kijana mmoja unayemfahamu, na Desemba hii, babu atakapomuuliza rika lake ni akina nani, awe na majina ya kutaja.